Umeketi Pangu

9 Januari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako asiyejua kuandika barua. Mara ya mwisho kushika kalamu kwa kazi kama hii nilikuwa shuleni, na barua yenyewe uliniandikia wewe. Natumaini mko wazima. Mpe Mama shikamoo yangu, na umwambie asiache dawa ya goti eti kwa sababu goti limenyamaza. Mimi ni mzima ila nimekonda. Fundi wangu wa nguo analalamika kwamba kila akinipima inabidi afute alichoandika mara iliyopita.

Utashangaa karatasi hii. Ni amri ya wakili. Wakati wa mgogoro wangu na kampuni ya muziki walileta jumbe zangu zote za simu, wakazisoma kwa sauti mbele ya msuluhishi, hata ule niliokutumia kwamba Meneja wao akiimba ni kama mlango usiotiwa mafuta. Meneja mwenyewe alikuwa amekaa pale. Sasa wakili kasema jambo lolote la kazi lisipite kwenye simu mpaka mambo yaishe.

Habari zenyewe ni hizi. Mkataba umevunjwa, niko huru kurekodi na yeyote. Nyimbo za albamu ya kwanza wamebaki nazo. Hizo nimezililia nimemaliza. Lakini hata jina wamelishikilia. Wanasema "Nyenje" ni mali ya kampuni kwa sababu wao ndio walioliweka kwenye mabango. Suala hilo litasikilizwa baadaye, na kwa sasa siruhusiwi kulitumia hata kwenye kadi ya mwaliko. Fikiria, napita barabarani watu wananiita Nyenje, nami naogopa kuitika!

Naanza albamu ya pili. Nimepata studio ndogo juu ya duka la matairi. Kila tukiwasha mitambo, mtu anaanza kugonga gurudumu huko chini. Mtayarishaji wangu ni mzee mmoja mtaratibu, mpiga kinanda wa zamani, asiyejua kukasirika.

Dada, naomba uje. Nataka uniimbie viitikio. Hakuna sauti inayokaa chini ya yangu kama yako, tangu enzi zile tukifua nguo uani. Utalala kwangu. Majuma mawili tu.

Usikatae kabla hujafikiri.

Mdogo wako


2 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imefika baada ya kulala posta kadiri ilivyopenda. Sisi wazima. Mama amepata miwani mipya, lenzi nimezisaga mwenyewe, na sasa anaona vumbi ambalo zamani halikuwepo. Nyumba nzima hatupumui. Dukani kazi imetuzidi. Shule zimefunguliwa na kila mzazi kagundua mwanawe haoni ubao. Mpima macho anawapima kule mbele, mimi niko chumba cha nyuma na mashine yangu, maji yananirukia mpaka kwenye kope.

Nimefurahi umetoka mikononi mwa wale watu. Nasema kweli.

Kuhusu kuja, hapana. Na nimefikiri, usije ukasema sikufikiri. "Hakuna sauti inayokaa chini ya yangu kama yako." Umeandika hivyo kwa mkono wako. Nimeurudia mstari huo mpaka nikampa mpima macho ausome, nihakikishe tatizo si macho yangu. Chini ya yako! Nani alikufundisha kushika sauti ya pili? Pale uani ya kwanza alikuwa akiimba nani? Meneja alipokuja kutusikiliza sote wawili, akasema mmoja anatosha, alikuchagua wewe kwa kuwa ulikuwa mwembamba na unacheka upesi. Mimi nilikufungia mizigo.

Na hilo jina unalolililia, muulize Mama Nyenje ni nani. Aliniita mimi hivyo kabla wewe hujazaliwa, kwa sababu kama mdudu huyo wa usiku nilikuwa silali bila kuimba kwanza. Wewe uliliokota kama ulivyookota magauni yangu, likakukaa vizuri kuliko lilivyonikaa mimi. Sasa kampuni wamelichukua, unasema umeibiwa. Pole sana.

Juma lililopita alikuja dukani mgeni mmoja kutoka huko kwenu, mkono wa miwani yake umevunjika. Aliulizia habari zako. Nilimwambia sina.

Mama anakusalimu. Anasema ule ushibe.

Dada yako


20 Machi

Dada yangu,

Vipi hali zenu? Mimi nilishikwa na mafua nikakosa sauti kabisa. Mzee wa kinanda akasema ni mapumziko ambayo nisingejipa mwenyewe. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikatafuta pa kukaa.

Kuhusu jina sibishi. Nilidhani ulinipa. Labda sikuuliza kwa sababu nilijua jibu, basi tuache hapo.

Viitikio nimempata mama mmoja anayekata tiketi kwenye ukumbi wa sinema. Anaimba safi, anafika mapema, hana neno na mtu. Lakini nikimsikiliza kwenye spika najisikia kama nimevaa viatu vya dukani ambavyo bado sijavilipia. Nyimbo saba zimekamilika. Mzee anasema zote ni nzuri, kisha anakuna kidevu. Nikambana, "Sema basi, kinakosekana nini?" Akajibu, "Wimbo unaouma, mwanangu. Hizi zote zinapapasa."

Nimeumwa kichwa siku nzima kwa neno hilo.

Halafu, huyo mgeni wa miwani alikuwa nani? Angekuwa Meneja ungemtambua, ungeniambia. Au siyo?

Nijibu upesi.

Mdogo wako


6 Mei

Dada,

Natumaini ukimya wako ni wa kazi na si wa maradhi. Jirani yenu nilimpigia, akasema Mama anatembea vizuri na wewe alikuona ukienda dukani umevaa vizuri. Basi nimetulia. Kidogo.

Sikiliza yaliyonikuta. Jumamosi nilikuwa kwa msusi, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama nimeona jini. Redioni mtangazaji akapaza sauti, "Nyenje amerudi!" Nikasema moyoni, nimerudi kutoka wapi? Wimbo ukaanza. Gita moja, halafu sauti:

Umeketi pangu,
na kiti kimekuzoea.

Dada, si mimi. Kampuni imetoa wimbo kwa jina la Nyenje na aliyeimba si mimi. Lakini saluni nzima ilinigeukia, wakaanza kupiga makofi. Msusi aliacha kichwa changu akafuta machozi na taulo la wateja. "Huu umeutoa wapi?" akaniuliza. Na mimi nikapiga makofi! Ningefanya nini? Nilikaa pale mpaka mwisho nikijisikiliza nikiwa mtu mwingine.

Wakili amepeleka malalamiko. Kampuni wamejibu kwamba jina ni lao, na wanaweza kumpa yeyote.

Wewe umeusikia? Unadhani ni nani yule?

Mdogo wako


29 Mei

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa Mama, na kutoka kwangu pia. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Mashine iliharibika, fundi akaja akaiharibu zaidi. Mama yu mzima. Ameanza kushona tena, kwa hiyo nyumba imejaa pini na natembea kwa hofu.

Wimbo nimeusikia. Nani asiyeusikia? Upo sokoni, upo benki, upo kwa kinyozi wa jirani kuanzia anapofungua mlango. Mpima macho anasema wagonjwa wanausoma ubao wake wa herufi huku wanauimba, hata hajui kama wanaona au wanabahatisha. Aliyeimba siwezi kumjua. Waimbaji ni wengi.

Mimi ndiye ninayepewa hongera. Mwenye duka aliniita mbele ya wateja, akanikabidhi soda baridi, akasema, "Mdogo wako sasa ameiva. Ile albamu ya kwanza alikuwa anapiga kelele tu, lakini huu! Huyu ni mtu aliyeishi." Nikasema asante. Nikarudi kwenye mashine nikasaga lenzi ya watu mpaka ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Ilibidi nianze nyingine. Una bahati wewe. Hata usipofungua mdomo unasifiwa.

Mama aliusikia akiwa anakunja nguo. Akaacha kukunja, akaniangalia. Kisha akasema, "Zima hiyo." Sijui kwa nini.

Fanya kazi yako, usihangaike na redio.

Dada yako


14 Juni

Dada,

Leo sianzi na salamu.

Nilikujua kabla hujatamka neno, kwa ile pumzi tu. Hakuna mtu mwingine anayevuta pumzi kama anataka kugombana halafu anaghairi. Nilikujua pale pale saluni, kichwa nusu, nikiwapigia makofi wewe na wao. Nikakuandikia kwa adabu nikakuuliza ni nani, nikangoja useme mwenyewe. Umeniletea karatasi nzima ya mashine na soda.

Na wimbo unanihusu. Watu wanadhani ni ugomvi wa mwanaume. Mwandishi wa gazeti alinisimamisha mlangoni kwangu akauliza, "Hicho kiti ni cha nani?" Nikamwambia ni cha mtu ninayemfahamu. Akacheka, akaandika kwamba nimekuwa na mafumbo. Umewahi kuona mtu anapongezwa kwa kusemwa? Ndiye mimi. Nimesemwa mchana kweupe, kwa jina langu, na natakiwa niseme asanteni.

Lakini hilo ningelimeza. Lisilomezeka ni kwamba umeimba vizuri. Mzee wa kinanda aliletewa wimbo huo na mke wake, akausikiliza mbele yangu, akavua kofia. "Huu ndio unaokosekana," akasema. Hakujua anamwambia nani. Nilishuka chini nikakaa juu ya tairi bovu, mafundi wakaniletea maji wakidhani nimezidiwa na joto. Nina wivu, dada. Nina wivu mpaka nikisimama mbele ya kipaza sauti nasikia wewe ukinicheka. Tangu siku hiyo sijarekodi kitu cha maana.

Wakili anasema mwenye sauti akijitokeza, na kama hakusaini mkataba, wimbo utaondolewa na kampuni italiachia jina kwa kuogopa aibu. Aliniuliza kama namfahamu. Nikasema simfahamu. Kama nimedanganya kwa kukuhifadhi au kwa hasira, hilo sijui.

Sikuombi kitu. Ukitaka kuendelea kuwa mimi, endelea. Inaonekana unaniweza kuliko ninavyojiweza.

Mdogo wako


22 Julai

Mdogo wangu,

Mama ni mzima na anakusalimu. Mimi nakusalimu pia, hata kama hutaki.

Mgeni alikuwa Meneja. Alisimama kwenye kaunta na miwani yake mkononi, akaniambia, "Siku ile nilikosea. Nilichagua asiyefaa." Unajua nimelisubiri neno hilo kwa hamu gani? Angeniambia nimwimbie juu ya paa ningeomba ngazi. Akasema ni jaribio tu. Chumba cha hoteli, magodoro yameegemezwa ukutani, mtu mmoja wa mitambo na mwingine wa gita. Sikusaini chochote na sikuambiwa litatumika jina gani. Hata hivyo sikuuliza, na wewe utaniambia kwa nini sikuuliza, kwa hiyo nalisema mimi kwanza. Niliwaimbia wimbo nilioutunga nikisaga lenzi. Ndiyo, unakuhusu wewe. Nilitaka siku moja uusikie ukiwa mahali ambapo huwezi kuondoka.

Redio iliposema "Nyenje amerudi" nilicheka peke yangu kule nyuma ya duka. Nikasema haya, jina limekuja nyumbani. Furaha hiyo iliisha mteja wa kwanza alipoingia. "Mdogo wako, mdogo wako, mdogo wako." Nimekuonea wivu miaka mingi kwa sauti yako, sasa nikaanza kukuonea wivu kwa yangu. Siku moja nilikuwa nauimba chinichini nikimfungia mama mmoja fremu, akanikatiza: "Hapana, hapo mdogo wako anapanda, hashuki." Akanifundisha! Nilisimama pale na bisibisi mkononi nikafundishwa kuimba wimbo wangu, na nikamwambia asante.

Maneno ya Mama nilikuficha. Hakusema "zima hiyo" tu. Alinikalisha akaniuliza, "Nimezaa wawili. Nani kakutuma uimbe ukiwa ndani ya mwenzio?"

Baada ya barua yako nilipanda basi nikaja huko. Nilikwenda moja kwa moja kwa wakili wako. Hakuniamini. Akasema, "Basi imba." Nikaimba nimesimama kati ya makabati yake, katibu wake akaacha kuchapa. Nimeweka sahihi kwamba sauti ni yangu na kampuni haina karatasi yoyote yenye jina langu. Kwako sikuja. Nilifika mpaka chini ya studio yenu, nikayaona matairi, nikakusikia juu ukirudia mstari ule ule. Ulikuwa unaharakisha mwisho wake. Niliondoka kabla miguu haijapanda ngazi kukusahihisha.

Juma hili redio zimeacha kuupiga. Jana mpima macho kaniuliza, "Mbona ule wimbo wa mdogo wako umepotea?" Nikasema sijui. Ni wimbo wangu wa pekee uliowahi kusikika nje ya nyumba yetu, na nimeuzima kwa mkono wangu. Usianze kunipamba kwamba ni upendo. Kuna upendo humo, na kuna kuchoka kusikia ukisifiwa.

Jina chukua. Wimbo usiuguse. Usiutie kwenye albamu, usiuimbe hata ukiwa unaoga.

Dada yako


30 Septemba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo kwa Mama. Viatu alivyoniagiza nimevipata, visigino vifupi kama alivyotaka. Mimi nimenenepa kidogo, fundi wa nguo amefurahi kuliko daktari.

Albamu imetoka. Kampuni iliachia jina bila kelele, wakili akaniletea barua yao kwa fahari kama kaninunulia shamba. Sikulitumia. Kwenye jalada nimeandika jina langu la shuleni, lile ambalo mtu akiniita nachelewa kugeuka. Lako liko kwako. Wenye duka la muziki walinisihi, wakasema hakuna atakayejua ni mimi. Kwa kweli wengi hawakujua. Inauzwa polepole. Magazeti yameandika kwa heshima kwamba ni kazi nzuri, halafu mwisho wa habari kila moja likauliza ule wimbo wa kiti uko wapi.

Jumamosi tuliizindua katika ukumbi mmoja wa ukubwa wa kati, saa za alasiri. Watu walikuja zaidi ya nilivyotegemea. Nilipomaliza wimbo wa tano sauti moja ikaita, "Kiti!" Wakadakia wengine, "Kiti! Kiti!" Mzee wa kinanda akaniangalia. Anaujua wote, vidole vyake vilikuwa tayari. Nakwambia ukweli, mdomo ulifunguka. Ningeuimba, na wewe usingejua.

Nikaufunga. Kisha nikawaambia, "Wimbo ule si wangu. Aliyeuimba ni dada yangu. Kazi yake ni kusaga lenzi za miwani. Na aliyekikalia hicho kiti ni mimi."

Nikajua nimejimaliza. Halafu mtu mmoja akaanza kupiga makofi, wakamfuata wote, wakasimama, wakapiga muda mrefu kuliko walivyonipigia mimi kwa wimbo wowote ule. Walikuwa wanakupigia wewe ambaye hata hukuwepo. Nilitabasamu meno yote nje, na ndani naungua. Sitakuficha. Niliimba nyimbo zilizobaki kwa hasira, na mama wa tiketi anasema sijawahi kuimba vizuri namna ile.

Tuna onyesho jingine Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Sikuiti kwa viitikio. Katikati ya onyesho kuna nafasi ya wimbo mmoja, na mimi nitashuka nikae na watu.

Mdogo wako


14 Oktoba

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Mama naye anakuja, usimwandalie kitanda kirefu, goti lake halipandi. Mwenye duka amenipa ruhusa huku amenuna, amesoma gazetini uliyoyasema ukumbini, na anasema kama ningesema mapema angebandika picha yangu dirishani. Mpima macho hasemi na mimi kabisa. Amekumbuka mara zote alizonisifia wimbo ule na mimi nikamwitikia kama mtu asiyehusika.

Albamu yako nimeisikiliza yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, mlango umefungwa. Wimbo wa nne ni mzuri. Nimeurudia mara nyingi nikitafuta pa kuukosoa, nikakosa, na siku hiyo sikuwa na raha na mtu.

Basi letu linafika Ijumaa mchana, siku moja kabla ya onyesho. Usije stendi na machozi wala waandishi wa habari, njoo na mtu wa kubeba mizigo ya Mama.

Huyo mzee wa kinanda mwambie asinihesabie moja, mbili, tatu. Aanze taratibu, arudie utangulizi hata mara nne akipenda. Mimi nitaingia nikiwa tayari.

Dada yako